Waacheni Wapure Ngano Mpaka Wachoke

Ratiba ya ziara ya shule kwenye shamba la makumbusho hufanana karibu kila mahali. Watoto wanashuka kwenye basi, wanapangwa mistari, wanatazama ng'ombe akikamuliwa. Robo saa baadaye wako kwa mhunzi, kisha kwenye kinu, kisha kwenye darasa la kale lenye madawati ya mbao, kisha kwa kuku, kisha duka la zawadi. Mwalimu ana orodha mkononi na anahesabu vichwa. Mwongozaji anatupia jicho saa yake kwa kuwa kundi la pili limeshafika langoni. Na yule mtoto aliyeanza tu kuelewa jinsi vidole vinavyotakiwa kubana kuanzia juu na kushuka hadi maziwa yatoke, anaambiwa ampishe mwenzake.

Nimekuwa mwalimu mwenye orodha hiyo kwa muda mrefu, na ziara hizi nazipenda kuliko kazi nyingine yoyote ya ualimu. Ndiyo maana ratiba ya namna hiyo inaniuma. Shamba linalofanya kazi, likiwa mahali pamoja na makumbusho ya maisha ya vijijini, linaweza kumfundisha mtoto jambo ambalo darasani haliwezekani: kwamba chakula na nguo vya vizazi vyote vilivyotutangulia vilitoka kwenye miili ya watu waliochoka. Jambo hilo halimwingii mtu kwa robo saa. Linamwingia pale mkono unapoanza kuuma na kazi bado ipo.

Chukua kupura ngano. Kifaa chenyewe ni fimbo mbili, moja ndefu ya kushika na nyingine fupi ya kupigia, zilizounganishwa kwa kipande cha ngozi ili ile fupi izunguke hewani kabla ya kutua. Masuke yanatandazwa kwenye sakafu ya mbao, wapuraji wanasimama wakitazamana na kupokezana mapigo ili fimbo zisigongane. Mwanzoni watoto huwa na furaha tupu, maana wameruhusiwa kupiga kitu kwa nguvu zao zote na mwalimu yuko kimya. Baada ya muda kelele zinapungua. Wanagundua kwamba nguvu peke yake haisaidii, kinachotakiwa ni mdundo. Ukiwahi au ukichelewa unamvuruga mwenzako. Wanaanza kuhesabu kwa pamoja bila mtu kuwaambia. Halafu viganja vinaanza kuwaka moto. Halafu mmoja anainama, anachambua majani makavu na kukuta masuke yaliyobaki na punje zake zote.

Hapo ndipo ratiba ya kawaida huwatoa ghalani, na hapo ndipo mimi nataka wabaki. Bado kuna kupepeta: kurusha punje na makapi juu, kusubiri upepo, na upepo ukigoma, kusubiri tena. Kuna kuokota vijiwe. Kuna kupima kwenye mizani kilichopatikana na kukisaga kwa jiwe la mkono. Unga wa darasa zima lililofanya kazi asubuhi nzima unatosha bakuli moja, na pengine bakuli lenyewe halijai. Nimeona watoto wakilitazama bakuli hilo kwa hasira ya kweli, hasira ya mtu aliyedhulumiwa. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, sasa wao walikuwa wanashiba saa ngapi?" Sijawahi kutunga swali la mtihani lililo bora kuliko hilo.

Ukiwa na darasa lenye viganja vilivyochubuka, unaweza kulisimulia mambo ya mwaka 1830 na likaelewa. Mashine ya kupura ilikwishabuniwa na Mskoti Andrew Meikle katika miaka ya 1780. Ungedhani vibarua wa mashambani wangeishangilia. Badala yake, mwaka 1830 vibarua wa kusini mwa Uingereza, kuanzia Kent, walizivunjavunja mashine hizo, wakachoma marundo ya nafaka, wakatuma barua za vitisho zenye sahihi ya "Kapteni Swing", mtu ambaye hakuwepo. Watu 19 walinyongwa, na mamia wakapakiwa melini na kupelekwa Australia wakiwa wafungwa. Kwa nini mtu ahatarishe shingo yake akitetea kazi inayochubua mikono? Kupura ilikuwa kazi ya majira ya baridi, wakati ambapo shambani kazi nyingine ni chache, na ujira wake ndio uliolisha nyumba mpaka msimu mwingine wa kazi uanze. Mtoto ambaye hajapura anasikia hapo habari za watu wajinga walioogopa mashine. Aliyepura anaijua kazi hiyo ilivyo ngumu, na sasa anaambiwa kwamba kulikuwa na jambo gumu zaidi yake, nalo ni kuikosa.

Wazo la kufundisha hivi ni la zamani. John Dewey, mwanafalsafa wa elimu wa Marekani, alianzisha shule yake ya majaribio katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1896, na watoto wake walipewa pamba mbichi na sufu wazishughulikie kwa mikono. Miaka mitatu baadaye alieleza jinsi kundi la watoto lilivyotumia dakika 30 kutenganisha nyuzi za pamba na mbegu, likapata chini ya aunsi moja. Hata gramu 28 hazikufika. Watoto wakaelewa wenyewe kwa nini wahenga wao walivaa sufu zaidi ya pamba. Mwalimu wa leo anaweza kusogea mbele kidogo. Mashine ya Eli Whitney, iliyopewa hataza mwaka 1794, iliondoa kikwazo hicho cha mbegu, na kilichofuata kusini mwa Marekani hakikuwa mapumziko kwa waliokuwa wakichambua. Mashamba ya pamba yalitanuka na utumwa ukatanuka pamoja nayo, kwa kuwa kupanda, kupalilia na kuchuma bado vilihitaji mikono. Makumbusho yenye gurudumu la kusokotea uzi na kikapu cha pamba yana somo hilo lote mezani. Mengi hayalifundishi. Mtoto anaoneshwa gurudumu linavyozunguka, anapiga picha, anapita.

Makumbusho ya aina hii yana mwasisi anayejulikana, Artur Hazelius, aliyefungua Skansen jijini Stockholm mwaka 1891. Sweden ilikuwa inaingia kwenye viwanda, watu wakihama vijijini, naye kwa miaka mingi alikuwa akikusanya mavazi na vyombo vya wakulima kabla havijatupwa. Alihamisha nyumba nzima nzima kutoka pande mbalimbali za nchi, akazisimamisha upya kilimani, akaweka watu waliovaa mavazi ya sehemu hizo na wanyama nje. Mtindo huo ukaenea. Old Sturbridge Village ilifunguliwa Massachusetts, Marekani, mwaka 1946 ikionesha maisha ya vijijini ya miongo ya mwanzo ya karne ya 19. Huko Iowa, profesa wa uchumi wa kilimo William Murray alianzisha Living History Farms mwishoni mwa miaka ya 1960, na mpangilio wake naupenda mno: unaanza kwenye shamba la Waioway, wenyeji wa asili wa eneo hilo, la mwaka 1700, lenye mahindi, maharage na maboga, unatembea hadi shamba la walowezi la mwaka 1850 linalolimwa kwa maksai, kisha la mwaka 1900 linalolimwa kwa farasi. Mtoto anavuka miaka 200 kwa miguu yake, na kila anaposimama anaweza kuuliza swali lile lile: hapa nani anavuta jembe?

Jembe lenyewe ni hesabu nzuri sana, na huwa naiacha ifanyikie shambani, si darasani. Mkulima wa farasi wawili alitarajiwa kulima kiasi cha ekari moja kwa siku. Ekari ni takriban mita za mraba 4,047. Ikiwa jembe linapindua ukanda wa udongo wenye upana wa sentimita 23, mlimaji atatembea kilometa ngapi? Wanagawanya, wanapata zaidi ya 17, na karibu kila mara kuna anayesema hesabu imekosewa. Basi tunapima ukanda mmoja kwa kamba, tunatembea nyuma ya farasi kwenye udongo uliopinduliwa, ambamo mguu unazama na kifundo kinapinda. Baada ya mistari michache hakuna tena anayebishana na jibu. Naongeza tu kwamba kilometa hizo hazijahesabu kugeuza farasi kila mwisho wa shamba, na kwamba kesho yake kazi ilikuwa ile ile.

Nampenda Hazelius kwa alichookoa. Hata hivyo makumbusho ya vijijini yana hatari yake, nayo ni uzuri. Nyumba imepigwa deki. Vyombo vimepangwa. Hakuna nzi, hakuna harufu, hakuna deni, hakuna mtoto anayekohoa kwenye kona usiku kucha. Mtoto anatoka hapo akidhani zamani watu waliishi kwa utulivu na kuoka mikate. Ndiyo maana nayaheshimu sana makumbusho yaliyokubali kusimulia upande mwingine. Gressenhall, huko Norfolk, Uingereza, ni makumbusho ya maisha ya vijijini yaliyomo ndani ya jengo lililojengwa mwaka 1777 kwa ajili ya maskini: watu walioishiwa waliletwa humo, wakalishwa na kufanyishwa kazi. Kando yake kuna shamba lenye farasi wakubwa wa kazi. Mwanafunzi anayetoka zizini na kuingia kwenye jengo hilo hawezi kuuliza tu ngano ilivunwaje. Atauliza pia nani aliivuna, nani akaila, na kwa nini wale walioivuna waliishia humu ndani.

Maswali hayo yanaulizika popote, hata pale ambapo kibao cha maelezo hakiyataji. Shamba hili lilikuwa la nani? Mwenye shamba alilala chumba gani, na kibarua je? Nani hakuruhusiwa kumiliki ardhi? Kabla ya shamba hili kuwepo, nani alikuwa akiitumia ardhi hii, na alikwenda wapi? Mtoto wa umri wako alikuwa akifanya nini saa hizi? Swali la mwisho ndilo linalowafikia upesi zaidi. Katika karne ya 19 huko Uingereza, watoto wadogo walilipwa ujira mdogo sana kushinda shambani wakifukuza ndege wasile mbegu. Nina zoezi la hilo. Kila mtoto anasimama peke yake ukingoni mwa shamba, mbali na mwenzake lakini mbele ya macho yangu, akiwa na vibao viwili vya kugonga, nusu saa, bila kuzungumza na mtu. Hakuna zoezi linaloonekana rahisi kiasi hicho, na hakuna linalolalamikiwa zaidi. Wanaporudi hawazungumzii uchovu. Wanazungumzia upweke, na jinsi nusu saa ilivyokuwa ndefu. Hapo nawaambia kwamba wenzao walikaa huko kutwa, mvua ikinyesha na jua likiwaka, na ujira ukaenda kwa mama nyumbani.

Kinachoyazuia makumbusho yasigeuke mapambo ni shamba lililo hai. Ng'ombe mwenye kiwele kilichojaa hajali kama kuna wageni. Anatakiwa kukamuliwa leo, kesho na siku ya sikukuu. Watoto wanaoshinda naye wanaona mambo ambayo picha ya kitabuni haina: kwamba mbele, taya lake la juu halina meno, lina ufizi mgumu tu, na nyasi anazikokota kwa ulimi, kwamba anapolala huwa bado yuko kazini, akicheua alichokula mapema, kwamba kuku anahitaji zaidi ya saa 24 kutengeneza yai moja, kwa hiyo hata umfokee vipi hutapata la pili leo. Na wanagundua, wengi kwa mshangao mkubwa, kwamba ng'ombe hatoi maziwa kwa kuwa ni ng'ombe. Anatoa kwa kuwa amezaa, baada ya kubeba mimba karibu miezi tisa.

Ukishafika hapo, swali moja haliepukiki. Mvulana mmoja, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, alimuuliza mkulima, "Na ndama dume anaenda wapi?" Mkulima alikuwa amechuchumaa akifunga ndoo. Alimjibu bila kupepesa macho: wachache wanafugwa kwa ajili ya mbegu, waliobaki wanakuzwa na kuchinjwa. Mvulana akauliza kama huwa anawapa majina. Mkulima akasema ndiyo, wote. Walizungumza muda mrefu pale, mtu mzima na mtoto, na hakuna aliyemdanganya mwenzake.

Najua walimu wanaobadilisha mada swali hilo linapokuja, na najua wanafanya hivyo kwa huruma. Sikubaliani nao. Mtoto aliye na umri wa kuuliza ana umri wa kujibiwa, kwa maneno machache na ya kweli. Ninachofanya ni kuwaandikia wazazi mapema kwamba swali la kuchinja linaweza kujitokeza na litajibiwa, ili wenye mila au misimamo yao wazungumze na watoto wao kabla. Mtoto akirudi nyumbani akasema hataki tena nyama, huo ni uamuzi wake, na ameufanya akiwa na habari kamili zaidi ya walizo nazo watu wazima wengi.

Kuna tofauti kubwa kati ya kazi ya maonesho na kazi inayosubiriwa. Kusukasuka maziwa kwenye chombo kidogo mpaka siagi itoke, kisha siagi hiyo ikatupwa kwa kuwa haikutengenezwa kwa usafi wa kuliwa, ni maonesho, na watoto hulitambua hilo upesi kuliko tunavyodhani. Kufagia zizi, kubeba samadi kwa toroli hadi kwenye mboji, kujaza maji kwenye hori la wanyama ambao bila hivyo watakaa na kiu, hizo ni kazi zinazosubiriwa. Nimeona wanafunzi waliokwisha kuandikwa kwenye kila daftari la utovu wa nidhamu wakibeba ndoo kwa uangalifu ambao sikuujua kwao, kwa sababu tu mnyama alikuwa anawangojea na hakuwa na habari na daftari lolote.

Clare Morpurgo na mumewe Michael waliliamini jambo hili kiasi cha kuanzisha shirika la Farms for City Children mwaka 1976, huko Nethercott, Devon, Uingereza. Watoto wa shule za mijini wanakaa shambani wiki nzima pamoja na walimu wao, wanalisha mifugo, wanaokota mayai, wanapalilia, mvua inyeshe isinyeshe. Wiki si muda ambao kila shule inaweza kuupata, hilo nalielewa. Lakini kanuni yake inawezekana hata kwa siku moja: punguza vituo, ongeza muda. Afadhali mtoto arudi akiwa hakuiona nyumba ya mhunzi kabisa, lakini ameimaliza kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho.

Watu hupenda kuuliza kama ziara hizi zinaacha chochote kichwani. Zinaacha. Watafiti John Falk na Lynn Dierking walichapisha mwaka 1997 utafiti ambamo waliwahoji watoto na watu wazima kuhusu ziara za miaka ya mwanzo ya shule, na karibu wote waliweza kukumbuka walichoona au kufanya, wengine baada ya miaka mingi mno. Huko Arkansas, Marekani, makumbusho ya sanaa ya Crystal Bridges yalipofunguliwa mwaka 2011, shule zilizoomba ziara zilikuwa nyingi kuliko nafasi, ikabidi zichaguliwe kwa bahati nasibu, na hivyo watafiti wakapata makundi mawili yanayolinganishika. Sehemu moja ya matokeo inanihusu moja kwa moja. Miongoni mwa wanafunzi waliooneshwa mchoro wa Eastman Johnson wa watu kambini wakichemsha utomvu wa mti wa mepo (maple) kutengeneza sharubati nzito tamu, asilimia 88 walikumbuka wiki kadhaa baadaye kwamba wapinzani wa utumwa waliitengeneza sharubati hiyo ili kudhoofisha biashara ya sukari iliyozalishwa na watumwa. Kumbuka kwamba walitazama tu mchoro, wakaelezwa na kuujadili. Nawaza mtoto aliyekoroga sufuria yenyewe angekumbuka nini.

Maandalizi ni jambo ambalo shule nyingi hulifanya vibaya, na hufanya vibaya kwa njia inayoeleweka: zinafundisha mada, hazifundishi mahali. Nir Orion na Avi Hofstein, waliowachunguza wanafunzi wa sekondari kwenye ziara za jiolojia nchini Israeli, walionesha mwaka 1994 kwamba ugeni wenyewe unakula akili ya mwanafunzi. Asiyejua mahali palivyo, siku itakavyokwenda na atakachotakiwa kufanya, anatumia nguvu zake kuzoea badala ya kujifunza. Kwenye shamba ugeni huo ni mkubwa zaidi, kwa maana unanuka na unapiga kelele. Kwa hiyo wiki moja kabla nawaonesha ramani, picha za vyoo, picha ya mahali pa kula, na sauti ya punda iliyorekodiwa, kwa kuwa punda asiyetarajiwa huweza kuvuruga kundi zima. Nawaambia harufu itakuwepo na baada ya muda pua itaizoea. Anayeogopa wanyama tunakubaliana mapema atasimama wapi na atatoa ishara gani akitaka kusogea nyuma. Mwenye kiti cha magurudumu hapewi kazi ya kutazama. Tunamuuliza mkulima ni kazi gani inafanyika kwenye sakafu ngumu, na kila shamba nililowahi kuliuliza lilikuwa nayo, tena kazi muhimu: kupima chakula cha mifugo, kupanga mayai, kuandika daftari la uzito wa wana-kondoo.

Na katika madarasa mengi kuna mtoto ambaye nyumbani kwao ni shambani. Huyo husahaulika. Wenzake wanashangaa, yeye anaona kazi ya jana yake, na mara nyingi anaificha kwa aibu kwa sababu shule imemfundisha kimyakimya kwamba maarifa ni yale ya kitabuni. Namtafuta kabla ya siku kufika, namuuliza anachojua, namwomba ruhusa ya kumpa nafasi. Msichana mmoja aliwafundisha wenzake jinsi ya kumkaribia ng'ombe: kwa ubavuni, ukizungumza, ili asishtuke. Mwongozaji alimwachia kundi lote, akakaa pembeni kusikiliza. Tangu siku hiyo msichana huyo alinyoosha mkono darasani.

Kuhusu usafi nitasema machache, lakini sitaki yapuuzwe. Wanyama wenye afya kabisa wanaweza kubeba bakteria wa E. coli O157, ambaye kwa mtoto mdogo anaweza kuharibu figo. Mwaka 2009 huko Uingereza watu zaidi ya 90, wengi wao watoto, waliugua baada ya kutembelea shamba moja la wageni. Mikono ioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni, ikaushwe, kabla ya kula na kabla ya kuondoka. Kitakasa mikono hakichukui nafasi ya sabuni na maji. Hakuna kula karibu na mabanda, hakuna kidole mdomoni, na viatu vinasafishwa kabla ya kupanda basi. Mwalimu au mzazi mjamzito asiingie banda la kondoo wanaozaa, na aambiwe hivyo kabla ya siku, faraghani. Muda wa kunawa darasa zima ni mrefu, kwa hiyo uingie kwenye ratiba kama kazi kamili. Shamba lenye mabomba mawili kwa watoto mia si la kupelekewa watoto, hata likiwa zuri namna gani.

Siku hizi, kabla sijaweka nafasi, napiga simu badala ya kujaza fomu. Nauliza wiki hiyo shambani kutakuwa na kazi gani. Wakinijibu kwamba programu ni ile ile mwaka mzima, najua nitaoneshwa maonesho, kwa kuwa hakuna shamba lenye kazi ile ile wakati wa kupanda, wa kuzaa kondoo, wa kukata sufu na wa kuvuna. Nauliza kama darasa linaweza kukaa kwenye kazi moja mpaka mchana. Nauliza kama atakayetuongoza ni mtu anayefanya kazi pale kila siku. Nauliza wanawaambia nini watoto kuhusu watu waliofanya kazi kwenye ardhi ile bila kuimiliki. Mara nyingi anayepokea ananiambia nisubiri, anakwenda kumwita mkulima mwenyewe. Mkulima akishika simu namwomba jambo moja: atubakizie kazi ambayo amekuwa akiikwepa. Wengi hucheka kwanza. Kisha wanaanza kuzitaja, na huwa ni nyingi: mawe ya kuokota kwenye kipande kitakacholimwa, viazi vya kuchambua vilivyooza, uzio ulioanguka upande wa mtoni, na lile rundo la samadi ambalo lilitakiwa kuhamishwa tangu msimu uliopita. Naandika yote, na nauliza wana makoleo mangapi yanayoweza kushikwa na mikono midogo.